Mbona Rostam hamng'oi mfalme mpumbavu?

"Nimesoma kwa tafsiri ya Kiingereza kisa cha Rostam, shujaa wa Iran anayemuua mwanawe Sohrab bila kumjua, katika Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi juu ya wafalme wa Iran, kikanitoa machozi. Kinachonikera ni mfalme Kay Kavus. Ni mkaidi, hana shukrani, na mwishoni anamnyima Rostam dawa ambayo ingemponya mwanawe. Rostam ana nguvu za kumng'oa kwenye kiti kwa mkono mmoja, lakini hafanyi hivyo. Mwenzangu wa darasani anasema jibu ni rahisi: Ferdowsi alilipwa na sultani, na Waajemi waliwaabudu wafalme wao kama miungu. Naandika tasnifu ya uzamili nikimlinganisha Rostam na Fumo Liyongo, na msimamizi wangu ameniambia sura yangu ya mamlaka bado ni nyepesi. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, hasira yako juu ya Kay Kavus ni halali, na usiifiche kwenye tasnifu. Aliyeipanda ni Ferdowsi mwenyewe. Angetaka tumpende mfalme huyu, asingetuonyesha akilevywa na wimbo mmoja hadi akaongoza jeshi zima kwenda Mazandaran, alikopofushwa na Pepo Mweupe. Wala asingetuonyesha akifunga tai wanne kwenye kiti chake ili wampandishe mbinguni, kisha tai wakachoka, naye akadondoka msituni karibu na Amol, mashujaa wakaenda kumwokota. Siku ile mzee Gudarz, mmoja wa mashujaa wake, alimwambia usoni kwamba mahali panapomfaa ni nyumba ya wagonjwa, si mjini. Mfalme hakumkata kichwa. Aliona haya, akajifungia ndani siku nyingi akitubu. Shika tukio hilo, kwa sababu maneno kama yale hayasemwi mbele ya mungu.

Sasa tumalizane na mwenzako. Ana madai mawili, na yote mawili yana chembe ya ukweli iliyofunikwa na makosa.

Dai la malipo kwanza. Ferdowsi alizaliwa Tus, katika Khorasan, karibu mwaka 940, katika tabaka la wenye ardhi wa vijijini waliojiona kuwa watunzaji wa kumbukumbu za Iran ya kale. Wakati huo eneo lile lilikuwa chini ya Wasamani, waliotawala kutoka Bukhara. Visa hakuvibuni yeye. Mwaka 957 mtawala wa Tus, Abu Mansur, alikuwa amekusanyisha kitabu cha wafalme kwa nathari, na mshairi Daqiqi alianza kukigeuza ushairi, akauawa na mtumwa wake akiwa ametunga beti kama 1,000. Ferdowsi akazipokea, akaziingiza katika kazi yake na kusema wazi kuwa ni za Daqiqi, kisha akaendelea kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipokamilisha Shahnameh mwaka 1010. Ni beti karibu 50,000, kila ubeti mstari mmoja wenye vipande viwili. Sultani anayetajwa, Mahmud wa Ghazni, alishika madaraka mwaka 998. Piga hesabu mwenyewe: sultani alipokalia kiti, mshairi alikuwa kazini kwa miaka mingi. Kwamba alimtunukia Mahmud kitabu na kumsifu humo ni kweli, na usilifiche hilo. Kwamba Mahmud ndiye aliyekiagiza si kweli.

Mwenzako pengine amesikia ile hadithi ya malipo iliyoandikwa na mwandishi Nezami Aruzi zaidi ya miaka 100 baada ya Ferdowsi kufa. Mshairi anatumiwa dirhamu 20,000 za fedha, anakasirika, anaingia hamamu, anakunywa kinywaji, na pesa zote anawagawia mhudumu wa hamamu na muuza kinywaji. Miaka inapita, sultani anajuta, anatuma ngamia waliobeba nili ya thamani kubwa. Ngamia wanaingia kwa lango moja la mji huku jeneza la Ferdowsi likitoka kwa lango jingine. Ni hadithi tamu, ila usiinukuu kama historia. Kinachonivutia ndani yake ni kwamba wasimulizi walimpa Ferdowsi Kay Kavus wake mwenyewe: mfalme anayechelewesha dawa hadi mgonjwa amekufa. Tahadhari pia na zile beti za kumtukana Mahmud zinazozunguka kwa jina lake. Wataalamu wengi wanazitilia shaka, sehemu kubwa yake.

Dai la kuabudiwa linajibiwa na kisa cha Jamshid. Huyu ndiye aliyewafundisha watu kutengeneza silaha na kufuma nguo, akawapanga kwa kazi zao, na kwake inahusishwa Nauruzi, mwaka mpya ambao kwetu pwani unajulikana kama Nairuzi na bado unaadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Katika utenzi huu anatawala miaka 700. Kisha siku moja anawakusanya wakuu na kuwaambia kwamba duniani hamjui mwingine ila nafsi yake, na kwamba wanapaswa kumwita muumba. Wakuu wanainamisha vichwa, hakuna anayethubutu kumjibu. Hapo hapo nuru inamtoka. Jeshi linatawanyika, nchi inachafuka, na wakuu walewale wanakwenda wenyewe kumleta Zahhak kutoka Uarabuni awe mfalme wao. Jamshid anaishia kukatwa vipande viwili kwa msumeno. Kwa hiyo mfalme anayejifanya mungu ndiye mfano wa kwanza wa anguko katika kitabu kizima, na kila mfalme anayemfuata anapimwa kwa kisa hicho.

Nuru iliyomtoka Jamshid huitwa farr, na hapa ndipo sura yako inapotakiwa kupata uzito. Wanafunzi wengi huielezea farr kama baraka ya damu: baba alikuwa nayo, basi mtoto anayo. Ferdowsi hakubali jambo hilo kwa wepesi huo. Mfalme Nowzar alipouawa na Afrasiyab, mfalme wa Turan, nchi adui ya Iran, aliacha wana wawili, Tus na Gustaham. Ni damu ya mfalme kabisa. Zal, baba yake Rostam, na wakuu wakawapita, kwa kuwa hawakuona kwao nuru wala busara, wakamchukua mzee Zav kutoka mbali kidogo katika ukoo. Tus anabaki kuwa jemadari maisha yake yote, mwenye viatu vya dhahabu na hasira za karibu, na kila anapokosea tunaelewa kwa nini hakupewa taji.

Kisha soma jinsi Kay Khosrow anavyopata kiti. Ni mjukuu wa Kay Kavus kwa baba na mjukuu wa adui, Afrasiyab, kwa mama. Shujaa Giv, aliyemtafuta Turan kwa miaka saba, anaomba kwanza kuona alama nyeusi mkononi, alama ya ukoo. Alama ipo. Hata hivyo, wanapofika Iran, Tus anakataa: anamtaka Fariborz, mwana wa Kavus. Majeshi yanakaribia kupigana. Suluhu ni mtihani: wote wawili waende Ardabil kwenye ngome ya Bahman, iliyokaliwa na mapepo, na atakayeiteka ndiye mfalme. Fariborz anazunguka ngome na hauoni hata mlango. Kay Khosrow anaandika barua yenye sifa za Mungu, inawekwa ukutani, ukuta unapasuka. Kumbe damu inakufikisha mlangoni tu. Kuingia kunahitaji nuru, na hata nuru inahitaji kuonekana na wakuu wenye ndimi kali.

Na ikishapatikana, inaweza kukutoka. Kisa ninachokipenda zaidi kuhusu hili ni kifupi, hakina vita. Bahram Gur, mfalme wa Kisasani, analala nyumbani kwa mwanamke wa kijijini bila kujulikana. Usiku anasikia malalamiko juu ya watu wa serikali, na badala ya kuona haya anawaza kuwa raia wamezoea ulaini, atawabana kidogo ili wajue thamani ya uadilifu. Asubuhi mwanamke anakamua ng'ombe, maziwa hayatoki. Anamwambia mumewe kwamba mfalme lazima amebadili nia usiku huu, kwa sababu mfalme akidhulumu maziwa hukauka. Bahram anayasikia, anatubu moyoni, na maziwa yanatiririka. Tazama ni nani aliyetambua: si kuhani, si waziri, ni mkamuaji.

Baada ya hayo yote ndipo turudi kwa Rostam. Mamlaka katika Shahnameh yamegawanywa makusudi kati ya watu wawili. Mfalme ana haki ya kutawala, mara nyingi bila akili ya kutosha. Shujaa ana nguvu, na mara nyingi akili pia, lakini hana haki hiyo. Kila mmoja anamhitaji mwenzake na kumwogopa. Ferdowsi hasuluhishi jambo hili; kwa beti maelfu anaishi ndani yake.

Rostam hainamishwi kwa woga. Soma tena tukio la yeye kuchelewa kuitikia wito wakati Sohrab amevamia. Kavus anawaka, anaamuru Tus amshike na kumnyonga. Rostam anaupiga mkono wa Tus na kumwambia mfalme mbele ya baraza zima: Kavus ni nani hata anitishe, mimi si mtumwa wa yeyote ila Mungu, wakuu waliwahi kunitaka nikalie kiti nikakikataa, na ningekikubali wewe usingekuwa na cheo hicho. Anaondoka. Anayemrudisha ni Gudarz, tena kwa hoja ya heshima yake mwenyewe: watu watasema Rostam amemkimbia kijana wa Turan.

Kwa nini alikikataa? Kitabu kinatoa sababu kwa vitendo kuliko kwa maelezo. Sam, babu yake, aliwahi kuombwa na wakuu achukue kiti cha Nowzar aliyekuwa dhalimu. Akajibu kwamba hata kama angekuwa binti wa ukoo wa Manuchehr, baba yake Nowzar, amevaa taji, yeye angelala mavumbini kumtumikia. Kisha akaenda kumkemea Nowzar mpaka akajirekebisha. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba yao: wao hutoa taji, hawalivai. Rostam mwenyewe ndiye aliyemleta Kay Qobad kutoka mlima Alborz awe mfalme. Jambo jingine ni la damu, na wengi hulipita. Mama yake Rostam, Rudabeh, ni binti wa Mehrab wa Kabul, na Mehrab ni wa uzao wa Zahhak, yule aliyeota nyoka mabegani wakawa wanalishwa ubongo wa vijana. Ndiyo maana mfalme Manuchehr aliiogopa ndoa ile. Rostam akikalia kiti kwa nguvu za mikono, Iran itakuwa imepata kwa mara ya pili mfalme wa damu ile asiye na nuru. Ferdowsi halisemi hili kwa maneno. Ni usomaji wangu, nami nautetea. La tatu ni la kisiasa tu: kiti cha Iran kinapolegea, Afrasiyab anavuka mto Jayhun, mpaka wa Iran na Turan. Alifanya hivyo zama za Nowzar na kila mtu anakumbuka.

Lakini ushahidi wako mkubwa uko ndani ya kisa kilekile kilichokuliza. Sohrab anakwenda Iran kufanya nini? Yeye mwenyewe anamwambia mama yake: atamwondoa Kavus, atampa Rostam taji, kisha atarudi kumng'oa Afrasiyab. Rostam akiwa baba naye akiwa mwana, asibaki mwingine duniani wa kuvaa taji. Swali ulilonitumia wewe ndilo kampeni ya Sohrab. Ferdowsi aliliweka kinywani mwa kijana jasiri, mzuri, mwenye haki ya kukasirika, akalipeleka hadi mwisho wake, na mwisho wake ni kisu cha baba kifuani mwa mwana.

Sasa dawa. Kavus hamnyimi kwa roho mbaya tupu. Anamweleza Gudarz, aliyetumwa na Rostam kuiomba: Sohrab aliapa kunitundika mtini nikiwa hai, Rostam aliniuliza Kavus ni nani, hawa wawili wakiwa hai pamoja, nitawaweza? Kwa hesabu ya utawala yuko sahihi. Kwa ubinadamu amelaaniwa. Na yale maneno ya barazani, ambayo sisi wasomaji tuliyashangilia, ndiyo yanayomrudia Rostam kama mshale. Gudarz anamshauri Rostam aende mwenyewe kuomba, na angali njiani anapata habari kuwa mtoto amefariki. Mwanafunzi akiniletea sura inayosema Kavus ni mbaya na Rostam ni mwema, nitamrudishia. Akiniletea inayoonyesha jinsi woga wa mmoja na kiburi cha mwingine vilivyomuua wa tatu, nitaisoma hadi mwisho.

Mwenzako ana haki mahali pamoja, nawe umpe. Kitabu hiki hakijawahi kuwaza nchi isiyo na mfalme. Kaveh mhunzi, ambaye amebakiwa na mtoto mmoja kati ya 18, anaingia barazani kwa Zahhak, anaichana hati ya uongo inayothibitisha uadilifu wa mfalme, anatundika vazi lake la ngozi la kazini kwenye mkuki, na umati unamfuata. Ni mapinduzi ya raia kabisa. Anaupeleka wapi umati ule? Kwa Fereydun, mwana wa ukoo wa kifalme. Ile ngozi inapambwa kwa dhahabu na vito na kuwa bendera ya wafalme. Karne nyingi baadaye watawala wengine walijua kuutumia upande huo: Reza Shah alizindua kaburi jipya la Ferdowsi huko Tus mwaka 1934 kwa shangwe za kitaifa, na baada ya mapinduzi ya 1979 wako walioitilia shaka Shahnameh kwa sababu hiyo hiyo. Matumizi ya kitabu na maudhui yake ni mambo mawili. Yatenganishe kwenye sura yako.

Kuhusu Liyongo, nakushauri ubadilishe mwenza wa ulinganisho. Rostam anakataa kiti. Liyongo anaogopwa na mfalme wa Pate kwa kuwa anaweza kukichukua. Hizo ni nafasi mbili tofauti. Nenda kwa Esfandiyar. Baba yake, mfalme Goshtasp, anamwahidi kiti mara kwa mara na kuvunja ahadi, kisha anamtuma amlete Rostam akiwa amefungwa mikono, ilhali mnajimu Jamasp amekwisha kumwambia kwamba mwana huyu atafia Zabol, nchi ya Rostam, mkononi mwa Rostam. Esfandiyar hapenyeki kwa silaha isipokuwa machoni, kama Liyongo asivyopenyeka isipokuwa kitovuni. Mfalme wa Pate anamwahidi mtoto wa Liyongo binti yake ili amuue baba, na hatimaye hampi. Pande zote mbili mfalme anatumia utii wa kijana kumwondoa mtu anayemtisha, na analipa kwa ahadi hewa. Tofauti yake ni nzuri pia: Esfandiyar anapokata roho anasema muuaji wake si Rostam bali Goshtasp, na nduguye Pashutan anakwenda kumkaripia mfalme barazani kwake. Angalia ni nani anayemkaripia mfalme wa Pate katika utendi, na kwa sauti gani. Hapo pana kurasa kumi za kazi.

Ila usidai kwamba kimoja kimetoka kwa kingine. Masimulizi ya Washirazi wa Kilwa na Unguja yanahusu nasaba na heshima ya koo. Hayathibitishi kwamba Shahnameh iliwahi kusimuliwa Pate. Kufanana kwa sehemu moja dhaifu mwilini kunapatikana katika mataifa mengi.

Ukiwa na muda mfupi, soma kwa mpangilio huu: Jamshid na Zahhak, Nowzar, Sohrab, kutekwa kwa ngome ya Bahman, Kay Khosrow kuacha kiti, kisha Esfandiyar. Kisa cha Kay Khosrow usikiruke. Ni mfalme aliyetimiza kila kitu, ameshinda, amelipiza kisasi cha baba yake, na anaanza kuogopa kuwa atakuwa Jamshid au Kavus mwingine. Anajiuzulu akiwa kileleni, anamkabidhi Lohrasp taji huku Zal akipinga, anapanda mlimani na kutoweka. Mashujaa wanaokataa kumwacha, Tus na Giv wakiwemo, wanafunikwa na theluji.

Kuna sehemu siwezi kukusaidia kwa maandishi. Tafsiri nyingi za Kiingereza zimefupishwa, na nyingine zinageuza beti kuwa nathari. Zinatosha kwa kufuata kisa, hazitoshi kwa kujenga hoja juu ya neno moja la mfalme au la Rostam. Kabla hujanukuu, keti na mtu anayesoma Kiajemi cha kale, mfungue pamoja toleo la Khaleghi-Motlagh, lililolinganisha nakala za mkono ikiwemo ile ya Florence ya mwaka 1217, na akusomee kwa sauti hotuba ya Rostam mbele ya Kavus na jibu la Kavus juu ya dawa. Beti nyingi maarufu zinazosambazwa mitandaoni kwa jina la Ferdowsi hutazikuta humo, na ni afadhali ujue mapema kuliko kuulizwa siku ya kutetea tasnifu. Kama chuo chako hakina mwalimu wa Kiajemi, mwombe msimamizi wako akuunganishe na idara nyingine mapema, maana kupata mtu wa kukaa naye saa mbili juu ya beti ishirini huchukua muda kuliko kuzisoma.